Kikao cha Alhamisi: ulimi wetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Alhamisi tunaanza saa 12 jioni, si saa 11 tena. Mahali ni palepale. Someni Yakobo 3:1-12 kabla ya kuja.

Jambo la mwenzetu lililetwa kwetu kama ombi la maombi. Hadi jioni lilikuwa limepita simu tano, na kila simu imeongeza neno lake. Limeniuma sana. Mathayo 18:15 inatutuma kwa mhusika mwenyewe, faraghani.

Naomba:
1. Kikaoni tusitaje jina la mtu asiyekuwepo, hata kwa kumwombea, kama hajaridhia.
2. Apatikane wa kuongoza maombi ya kufungua. Nani yuko tayari?

Tafadhali jibuni "nipo" au "sitaweza" kabla ya Jumatano saa 2 usiku.