Barua ya Wazi kwa Afisa Mkuu wa Kumbukumbu: Mtoeni Jaji Carter Chini ya Kabati

Mheshimiwa Afisa Mkuu,

Kwa heshima na taadhima, pokea salamu zangu. Ninakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu nilizokuletea kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa nikitazama, hazijajibiwa hadi leo, na kwa sababu ya jambo nililoliona Jumanne iliyopita katika chumba cha kumbukumbu unachokisimamia.

Nilikuja, kama ilivyo desturi yangu sasa, kuulizia juzuu la ushahidi wa Tume ya Ardhi ya Kenya ya 1932, iliyoongozwa na Jaji Carter, lenye maneno ya watu wa Nyanza, jimbo ambalo enzi hizo lilikuwa pamoja na kwetu Kimilili. Karani, kijana mwenye adabu ambaye sina ugomvi naye, aliniambia kama kawaida kwamba bado linatafutwa. Nikaketi kwenye benchi kupumzisha goti. Fimbo yangu ikaanguka, nikainama kuiokota, ndipo nikaliona: limelazwa chini ya mguu wa kabati la mafaili, jalada limebonyea, kona moja imeliwa na mchwa, na kabati lenyewe limetulia tuli bila kuyumba. Nilipomwonyesha karani alitabasamu kwa aibu, akasema kulitoa kunahitaji idhini, maana kabati litaanguka. Idhini ya nani? Yako, Mheshimiwa.

Huenda kazi nyingi hazijakupa nafasi ya kumfahamu huyo uliyembebesha kabati, basi niruhusu nimtambulishe. Sir William Morris Carter alifika Afrika Mashariki mwaka 1902, mwanasheria kijana kutoka Uingereza, akaanza kazi kama msajili wa mahakama. Akapanda cheo hadi akawa jaji nchini Uganda, kisha Jaji Mkuu huko kuanzia 1912, na mwaka 1920 akahamishiwa Tanganyika kwa cheo kicho hicho, akakaa hadi 1924. Hata hivyo, jina lake halikutokana na hukumu za wezi wa ng'ombe. Lilitokana na ardhi. Akiwa bado Uganda aliongoza kamati iliyopendekeza Waafrika wapimiwe ardhi ya kuwatosha tu, na inayobaki iachiwe wenye mashamba makubwa, pendekezo ambalo hata wakubwa wake London walilikataa. Mwaka 1925 akaongoza tume huko Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, na kazi yake ikazaa sheria ya 1930 iliyoigawa nchi ile kati ya weupe na weusi. Alipomaliza kwetu, akatiwa katika tume ya Lord Peel iliyokwenda Palestina mwaka 1936, na mwaka uliofuata tume hiyo ikapendekeza nchi ikatwe vipande. Palipokuwa na ugomvi wa ardhi katika himaya ya Mwingereza, mzee huyu aliitwa na rula yake.

Kwetu aliletwa mwaka 1932, dhahabu ya Kakamega ikiwa imeonekana mwaka mmoja tu nyuma. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi wenyeji kwamba ardhi ya hifadhi, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika, ni yao milele, kwamba kipande kikichukuliwa watapewa kingine badala yake, na kwamba baraza lao litashauriwa kwanza. Milele hiyo ilifika Desemba 1932, sheria ikageuzwa ili wachimbaji wasicheleweshwe. (Wewe na mimi, Mheshimiwa, tumekwisha kuzizoea ahadi za namna hiyo.) Tume ilikuwa ya watu watatu: Jaji Carter, Hemsted aliyekuwa mtawala hapa, na Wilson, mlowezi. Mwafrika hakuwamo. Ripoti ya 1934 iliwatengea Wazungu maili za mraba 16,700 za Nyanda za Juu, ikataka haki za Waafrika nje ya hifadhi zifutwe kabisa. Wabukusu, watu wa kwetu, waliokuwa wakiidai Trans Nzoia waliambiwa hawana dai.

Babu yangu mzaa baba, kwa jinsi marehemu baba alivyotusimulia, alikuwa mmoja wa waliosimama mbele ya jaji huyo. Hakuwa na hati wala ramani. Alichukua jiwe dogo la kusagia wimbi, alilolitoa katika boma la mama yake kabla mashamba ya walowezi hayajalimeza, akaliweka mezani. Jaji akamuuliza mkalimani ni nini hicho. Mkalimani akajibu neno moja: jiwe. Baba alikuwa akifika hapo ananyamaza, na sisi watoto tulijua tusiulize zaidi.

Ninataka kuona kama karani wa tume aliliandika lile jiwe. Kurasa za ushahidi huo ni zaidi ya 3,000, nami naomba moja, au mbili ikiwa maneno yake yalivuka. Kwa ajili yake nimetoka Kimilili gizani na kubadilisha matatu mara mbili, safari kumi na moja sasa, kwa pensheni ya mwalimu wa msingi ambayo wewe mwenyewe unaweza kuikisia. Dada yangu mkubwa, aliyebaki peke yake miongoni mwetu kumkumbuka babu kwa sura, ana miaka themanini na minane na haoni tena. Nilimwahidi nitamsomea. Kila nikirudi ananiuliza, nami namwambia bado linatafutwa.

Pengine mnaogopa kwamba anayetaka karatasi ya Trans Nzoia anataka shamba la mtu. Pengine fedha za rafu zilikwenda kwingine. Lakini siku chumba hicho kilipofunguliwa nilikuwa nimeketi safu ya pili, nikakusikia ukiahidi kwamba mwananchi yeyote atapata nakala ndani ya siku saba. Sheria ya kupata habari ya 2016 inakupa siku ishirini na moja, kwa hiyo ulikuwa mkarimu kuliko Bunge. Mimi huu ni mwaka wangu wa tatu.

Nilikuwa nimekusudia kukuomba rafu, dawa ya mchwa, paa lizibwe kabla ya masika, na orodha ya vilivyomo ibandikwe mlangoni. Hayo nayaacha, watadai wengine wenye magoti mazima. Naomba juzuu moja litolewe chini ya kabati na ukurasa wa babu yangu utolewe nakala, kwa gharama yangu.

Kuhusu kabati kuanguka, usiwe na wasiwasi. Nitakuja Jumatatu saa tatu asubuhi, na jiwe nitalibeba mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Kimilili