Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu, na tunaomba kukueleza mada iliyotushughulisha mwaka huu, yaani namna wanasayansi wanavyoichunguza milima ya katikati ya bahari kwa kupima nguvu ya uvutano.

Mheshimiwa, katika Bahari ya Hindi, hii inayotulisha samaki, imo safu ya Carlsberg, milima iliyo chini ya maji, ambako mabamba mawili ya dunia (vipande vikubwa vya tabaka lake la nje) yanaachana na miamba ya moto inapanda kuwa sakafu mpya. Milima kama hiyo ni mzigo mkubwa, hivyo uvutano juu yake ungepaswa kuzidi sana; lakini vipimo huonyesha ziada ndogo, kwa sababu chini yake kuna miamba yenye joto, iliyotanuka na kuwa myepesi, inayoibeba.

Kupima tofauti hizo si kazi nyepesi. Kipimo chake ni miligali, ambayo ni takriban sehemu moja katika milioni ya uvutano wa dunia, ilhali mawimbi huitikisa meli bila kukoma. Ndiyo maana mwanasayansi Mholanzi Vening Meinesz, kuanzia mwaka 1923, alipima kwa penduli ndani ya nyambizi, chini ya msukosuko wa mawimbi. Hata mwendo wa chombo huingilia: meli inayoelekea mashariki kwenye ikweta kwa mwendo wa noti 10 (takriban kilomita 18.5 kwa saa) husoma uvutano pungufu kwa takriban miligali 75, na bila kusahihisha hilo matokeo hayafai kitu.

Lililotuvutia zaidi ni la safu ya milima iliyo chini ya Bahari ya Atlantiki. Watafiti walipoondoa kwa hesabu athari ya maji, ya umbo la sakafu na ya ganda la dunia lenye unene wa kukadiriwa, waliona maeneo ya mviringo yenye uvutano hafifu katikati ya vipande vya safu hiyo. Kwa maoni yetu huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote, kwani unaonyesha kwamba magma, yaani miamba iliyoyeyuka inayounda ganda, haigawanyiki sawasawa: katikati ya kipande, penye uvutano hafifu, ganda ambalo ni jepesi kuliko miamba ya chini yake ni nene, na kwenye ncha zake ni jembamba.

Mheshimiwa, leo satelaiti hupima umbo la uso wa bahari, na ramani za uvutano zinazotokana nazo hupatikana bure kwenye intaneti. Tunakuomba utusaidie kupata kompyuta na intaneti ili tuisome wenyewe safu ya Carlsberg.

Tunaomba kuwasilisha.