Kwa Nini Saa Nne za Mashine Hatuzipunguzi

Malalamiko haya yamejirudia mno, na la mwisho lilituuma. Kijana mmoja alimleta babake kituoni kwetu kufanyiwa dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine figo zikishindwa, na kwa kuwa mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, ulikuwa haujalipwa, akatoa taslimu. Saa tatu zilipotimia mzee akasema amechoka, atolewe. Tukamsihi, akakataa, akatia sahihi, tukamtoa. Kijana akaja kaunta kudai robo ya pesa zake, kwani saa moja haikutumika. Tulipomwambia hairudi, akatuita wezi mbele ya wagonjwa wengine.

Ndugu zetu, kikao hakiuzwi kwa saa. Chujio, ambalo ndilo figo lako ukiwa pale kitini, tumelifungua jipya. Mirija, sindano mbili nene, heparini ya kuzuia damu isigande, madumu ya asidi na bikaboneti, vyote vimeshaguswa kabla pampu haijaanza kuzunguka. Halafu kuna maji. Mashine hupitisha karibu nusu lita kila dakika upande wa pili wa chujio, takriban lita 120 kwa saa nne. Na maji ya Malindi tunayajua wenyewe: ya kisima yana chumvi, ya bomba yanatoka Baricho yakiwa yametiwa klorini. Klorini hiyo ukiinywa haikudhuru, lakini ikiifikia damu kupitia chujio, hupasua chembe nyekundu. Ndiyo maana kila alfajiri, kabla ya zamu ya kwanza, fundi huchota maji yaliyopita kwenye matangi ya mkaa, ambao hunasa klorini, na kuyapima. Kipimo kikigeuka rangi, haunganishwi mtu, hata wagonjwa wakilalamika vipi. Mkaa huo, utando wa kuondoa chumvi, stima na jenereta, vyote vimo ndani ya bei. SHA yenyewe hulipa shilingi 10,650 kwa kikao, na haiulizi ulikaa dakika ngapi.

Sasa ile saa ya nne. Ukija tunakupandisha kwenye mizani, na kilo zilizozidi tangu kikao kilichopita ni maji. Kilo moja ni lita moja. Mtu ambaye uzito wake bila maji ya ziada ni kilo 60, hatupendi kumvuta zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo kwa saa. Hiyo ni kama mililita 780. Kwa saa nne zinatoka lita tatu na kidogo, kwa saa tatu hazifiki lita mbili na nusu. Akija na lita tatu mwilini na kutaka saa tatu, ama arudi nyumbani na maji yake, ama tuyavute kwa kasi. Tukivuta kwa kasi presha inaanguka, misuli ya miguu inakaza mpaka mtu mzima analia, na moyo unaumia kidogo kila mara. Tena kuna taka kama fosfeti ambazo hutoka polepole kutoka ndani ya mwili, na haziharakishwi na yeyote.

Tulikuwa na mama mmoja, muuza samaki wa Mayungu, mchangamfu sana. Alianza kwa kuomba nusu saa, ikawa saa nzima. Kisha akaruka kikao kizima kwa sababu ya harusi, na huko harusini akanywa madafu, kwa kuwa jirani alimwambia yanasafisha figo. Dafu lina potasiamu nyingi, madini ambayo yakizidi mwilini hulegeza misuli na kuvuruga moyo. Mwenye figo nzima huitoa kwa mkojo, na mama yule mkojo ulishakatika. Usiku miguu ikalegea asiweze kusimama, kipimo cha moyo kikatoa mawimbi yaliyochongoka, akakimbizwa Mombasa kwa ambulensi. Ambulensi na kitanda cha uangalizi maalumu viliwagharimu wanawe zaidi ya vikao vya miezi. Alipona, na siku hizi hatoki kitini mpaka mashine ilie. Hata achari ya birimbi tumemkataza, maana tunda hilo lina asidi ya oksaliki inayodhuru figo hata za mtu mzima wa afya.

Nanyi wenzetu wa zahanati, mgonjwa wa dayalisisi akiletwa amelegea miguu, msikimbilie dripu. Mpimeni moyo kwanza, mtupigie simu. Na mkono wenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili kuchomwa sindano za mashine, usifungwe mkanda wa presha wala kutolewa damu. Mshipa ule ulingojewa wiki nyingi mpaka ukakomaa.

Ukianza kushikwa na misuli, mwambie nesi mara moja apunguze kasi, usingoje mpaka utake kutolewa. Na anayetoka mbali, Marafa au Garsen, atuambie siku moja kabla tumweke zamu ya saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano atakuwa stendi, na saa zake nne zimetimia.