Barua kwa Idrisa kuhusu kununua na kutunza muziki wa kidijitali

Sinza, Dar es Salaam

Ndugu yangu Idrisa,

Nakusalimu sana, nikitumaini kwamba wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Morogoro. Sisi huku tu wazima.

Umeniuliza kama inafaa kulipa zaidi ili upate faili za muziki zenye biti 24 na kilohezi 96 (biti huonyesha usahihi wa kila kipimo cha sauti, na kilohezi hapa ni maelfu ya vipimo kwa sekunde), ilhali zile za ubora wa CD, yaani biti 16 na kilohezi 44.1, huuzwa kwa bei nafuu. Kwa maoni yangu, tazama kwanza chanzo cha rekodi, ndipo utazame tarakimu. Sikio la binadamu, hata la kijana, halisikii sauti nyembamba zaidi ya takriban kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na CD hubeba sauti zote mpaka hapo. Muziki wa dansi wa miaka ya sabini unaoutafuta ulirekodiwa kwenye utepe. Ukihamishwa vizuri kutoka utepe wa awali utapendeza hata kwa ubora wa CD, lakini kaseti iliyochakaa haiponi kwa kuandikiwa kilohezi 192. Soma maelezo ya muuzaji, na asiposema rekodi imetoka wapi, usimlipe ile ziada.

Muundo wa kununua ni FLAC, kwa sababu hupunguza ukubwa wa faili bila kutupa sehemu yoyote ya sauti, tofauti na MP3. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, humwachia mnunuzi achague muundo mwenyewe. Jiandae kwa bando, maana albamu moja ya biti 24 huweza kukaribia gigabaiti nzima. Kuzicheza si kazi: programu ya VLC inatosha, ila tumia hedifoni za waya, kwani Bluetooth ya kawaida huibana sauti upya na kuipunguza.

Linalonigusa zaidi ni utunzaji. Flashi ukiinunua Kariakoo, ijaze yote, kisha rudisha faili kwenye kompyuta na uzicheze, kwa sababu zipo za bandia zinazoonyesha gigabaiti 512 huku nafasi halisi ikiwa ndogo mno, na kila kinachozidi hupotea kimyakimya. Umeme ukikatika wakati wa kunakili, faili huweza kubaki nusu na jina lake likaonekana zima. Hapo FLAC ina hazina ambayo wengi hawaitumii: ndani ya faili huwekwa alama iliyokokotolewa kutoka kwenye sauti yenyewe, na programu ya kukagua huikokotoa upya na kukuambia kama kuna kilichoharibika. Kagua kila nakala kabla hujafuta chochote.

Uwe na nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba yako, kwa kuwa mwizi au moto havichagui diski. Ndiyo maana napendekeza tubadilishane: ukija Dar es Salaam, niletee diski yenye muziki wako niitunze hapa Sinza, nami nikukabidhi yangu uende nayo Morogoro. Zifunge kwenye mfuko usiopitisha unyevu, na kila tukionana tuzikague na kuziongezea vipya.

Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako,
Hamisi