Msizikate Ghafla: Barua kwa Mliozoea Dawa za Wasiwasi

Wanangu na wadogo zangu,

Marahaba kwa mliokwisha kuniamkia, na wengine wote nawasalimu. Mimi ni mfamasia mstaafu. Miaka mingi nimekaa dirishani nikitoa dawa, na wagonjwa walioninyima usingizi ni wale waliokatika ghafla: mwezi huu kaja, mwezi ujao hayupo, na hakuna daktari aliyemwambia aache.

Nawaandikia ninyi mliopewa diazepamu, lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu au dawa nyingine za ukoo huo kwa ajili ya wasiwasi au usingizi. Mliambiwa ni za muda mfupi, muda ukapita, daktari akaendelea kuandika, na sasa mnalala na swali moja: nimeshakuwa teja?

Naanzia hapo kwa sababu swali hilo ndilo linalowafanya mchukue hatua za hasira. Mwili unaweza kuizoea dawa bila mtu kuwa teja. Aliyemeza kidonge kilekile kila usiku kama alivyoandikiwa, hajaongeza, hajazunguka kwa madaktari watatu kutafuta zaidi, mwili wake bado unaweza kugoma siku akikikosa. Hana kosa. Dawa hizi ndivyo zilivyo, na kuzoea kunaweza kuanza ndani ya wiki chache. Valium iliingia sokoni mwaka 1963, na ilichukua hadi 1988 ndipo kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza iliposhauri kwamba zisipite wiki mbili hadi nne. Marekani, mwaka 2020, mamlaka yao ya dawa, FDA, iliagiza onyo lake zito kuliko yote liandikwe kwenye dawa hizi kuhusu utegemezi na hatari ya kuziacha ghafla. Ikiwa wenye maabara na mamlaka walichukua muda wote huo, msijitwike ninyi aibu ya kutojua.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Ubongo una kemikali yake ya kujituliza, inaitwa GABA. Dawa hizi haziongezi kemikali hiyo, zinaikuza sauti. Sasa sauti ikikuzwa mchana na usiku kwa miezi, masikio hupunguza usikivu. Ubongo nao hufanya vivyo hivyo. Ukiikata dawa leo, sauti inarudi ya kawaida ilhali masikio bado ni mazito. Hakuna kinachosikika. Ndipo mikono inatetemeka, jasho linatoka bila joto, moyo unakwenda mbio, usingizi unakimbia, mwanga wa kawaida unauma macho, kijiko kikianguka unashtuka kana kwamba ni bomu. Vijana wanaita arosto. Kwa wengine haiishii hapo: wanaanguka kifafa, hata kama hawajawahi kukiugua maishani. Wengine huchanganyikiwa, wakaona visivyokuwepo. Kuna waliokufa.

Kuna bwana mmoja, mtu wa heshima zake, aliyekuwa anatumia diazepamu kwa muda mrefu. Alisoma mahali kwamba dawa hizi zinaharibu kumbukumbu, akachukia, akazimwaga zote chooni. Siku ya tatu alinipigia simu akicheka. "Mzee, mlikuwa mnatutisha bure." Nikamsihi aende kwa daktari wake siku hiyohiyo, akaona namwonea wivu. Juma lililofuata simu ikapigwa na mkewe. Bwana ameanguka jikoni, ameuma ulimi, sakafu ina damu, hamtambui mtu.

Shikeni hesabu ya siku zile, maana imewaponza wengi. Diazepamu hutoka mwilini polepole sana, ikiacha mabaki yanayoendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa. Kwa hiyo siku tatu za kwanza unaweza kujiona shujaa kumbe bado umeimeza. Alprazolamu na lorazepamu hutoka haraka zaidi, na shida inaweza kuonekana kesho yake au keshokutwa. Wapo hata wanaoanza kuhangaika kati ya dozi na dozi, wakadhani ugonjwa umezidi.

Sasa, kupunguza. Mwongozo uliotolewa na vyama vya madaktari wa Marekani mwaka 2025 unasema kuanza kwa kushusha asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki mbili hadi nne, na kwa kawaida usivuke asilimia 25 ndani ya wiki mbili. Mtu akisikia hivyo anaona ni uvivu. Piga hesabu mwenyewe. Aliye kwenye miligramu 10 akitoa 1, amepunguza sehemu ya kumi. Aliyefika miligramu 2 akitoa 1 hiyohiyo, amekata nusu ya dawa yote kwa mkupuo. Ndiyo maana watu wanashuka vizuri miezi mingi halafu wanaanguka mwishoni, mahali wanapodhani wameshamaliza. Kadiri dozi inavyokuwa ndogo ndivyo hatua inavyotakiwa kuwa ndogo.

Na hapa niseme la ufundi, maana ndilo nililoliona kila siku. Mtu anaweka kidonge kwenye kisahani, anachukua wembe, anakata. Nusu moja inaruka chini ya kabati, nyingine inavunjika vipande vitatu na unga. Anameza kilichobaki akiita ni nusu. Leo amepata nyingi, kesho kidogo, na mwili unayumba bila yeye kujua sababu. Ulizeni mfamasia kama kuna kidonge chenye nguvu ndogo zaidi. Diazepamu ipo hata ya miligramu 2. Ulizeni kama kuna ya maji, inayopimwa kwa bomba. Kikataji cha vidonge nacho si kitu cha anasa. Zile zilizotengenezwa kuachia dawa taratibu msizikate wala kuzisaga kabisa.

Wakati mwingine daktari humhamisha mtu kutoka dawa inayotoka haraka kwenda diazepamu, kisha akampunguza kutoka huko. Ni njia nzuri kwa baadhi yao. Lakini msijihamishe wenyewe kwa kuangalia namba kwenye paketi. Nusu miligramu ya alprazolamu, kwa hesabu ya baadhi ya wataalamu, inakaribia miligramu 10 za diazepamu. Ukibadilisha miligramu kwa miligramu, umejikata karibu dawa yote bila kujua.

Njiani wasiwasi utarudi, na mtaapa kwamba ni ule wa zamani na kwamba bila kidonge hamwezi kuishi. Subirini kabla ya kuhukumu. Arosto mara nyingi huleta mambo mageni ambayo hamkuwa nayo kabla ya dawa: masikio kulia, ngozi kuwasha na kuchoma, misuli kuruka, kujiona kama uko nje ya mwili wako. Halafu huja na kuondoka. Jana ulikuwa hoi, leo unapika unaimba. Ugonjwa wenyewe ukirudi huja taratibu, kwa sura yake mnayoijua, na hukaa. Andikeni kwenye daftari dozi ya siku na mlivyojisikia, ili daktari asome badala ya kubahatisha. Dalili zikizidi, simameni kwenye dozi mliyopo kwa wiki kadhaa. Kusimama si kushindwa, na ninawaomba msiwasikilize wanaoshindana nani ameacha haraka. Wapo waliochukua mwaka na zaidi, na leo wako salama.

Pombe acheni. Inagusa mlemle dawa inamogusa, ndiyo maana inawavuta wanaopunguza, na ukiichanganya na vidonge hivi pumzi inaweza kukatika usingizini. Vivyo hivyo dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, kama mofini na tramadoli. Kama mnazo nyumbani daktari ajue.

Mwenye kifafa anayetumia klonazepamu kuzuia kifafa chake, barua hii isimguse hata kidogo. Aendelee na dawa yake. Wazee wenzangu wa rika langu, sisi tuna sababu ya ziada ya kulizungumza na daktari, kwa kuwa dawa hizi huongeza kuanguka, na mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni ni habari nyingine. Hata hivyo si kila mtu lazima aziache. Wapo ambao daktari, baada ya kupima faida na madhara, atawaambia waendelee. Na anayepunguza asipunguze mikono mitupu: matibabu ya mazungumzo, hasa yale ya kubadili fikra na mwenendo, husaidia wasiwasi na husaidia pia kwenye safari hii ya kushuka. Yaanze kabla dozi haijaguswa, ikiwezekana.

Ninyi mnaoishi na watu hawa, acheni kuficha vidonge. Najua mnafanya kwa mapenzi. Mume anaficha kopo juu ya kabati, mama anahesabu na kununa. Mnamlazimisha kuacha ghafla, jambo ambalo hata daktari makini hafanyi. Na aliyeambiwa na kiongozi wake wa dini atupe dawa ili aonyeshe imani, namwambia kama baba: omba, na kidonge meza, mpaka daktari aseme vinginevyo.

Mkienda kwa daktari msiseme tu "nataka kuacha". Mwambieni dawa ipi, miligramu ngapi, saa ngapi, tangu lini, na kama kuna siku mlikosa na nini kilitokea. Semeni ukweli hata kama mlikuwa mnaongeza kidogo. Hesabu ya kushusha inaanzia kwenye mnachomeza kweli, si kilichoandikwa kwenye karatasi. Daktari akisema acha kesho, mwulizeni ratiba ya kupunguza iko wapi, na asipokuwa nayo tafuteni mwingine kabla vidonge mlivyo navyo havijaisha. Na aliyekwisha kuacha ghafla, akiwa anatetemeka au anachanganyikiwa, asisubiri asubuhi. Aende hospitali usiku huohuo, asiende peke yake, na mtu anayempeleka abebe kopo la dawa.

Ni mimi mzee wenu,
mfamasia mstaafu