Mashine ya boti inayovuja haiponi kwa kuongezewa oili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hapa Moshi, mji usio na ufukwe, huenda likaonekana halituhusu, ilhali baadhi ya mashine za boti zinazofanya kazi katika Bwawa la Nyumba ya Mungu huletwa kwa mafundi wa mjini zinapoharibika. Kuna mazoea kwamba mwenye boti akiona utando wa mafuta nyuma ya mashine yake, hununua oili, akaongeza, akaendelea na kazi.

Kabla ya kuongeza chochote, inampasa ajue ni mafuta gani yanayotoka na yanatokea wapi. Mashine zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, mara nyingi sehemu 50 kwa 1, hutoa pamoja na moshi mafuta yasiyoungua, kwa hiyo utando mwembamba baada ya kuwasha si lazima uwe dalili ya uvujaji. Zile ambazo oili yake hukaa peke yake bila kuchanganywa na petroli, zikilazwa kwa ubavu usioruhusiwa na mtengenezaji, oili huweza kupenya hadi kwenye silinda. Hapo mashine hulaumiwa bure, na kosa ni la aliyeipakia kwenye pikapu.

Uvujaji wa kuogopwa ni ule wa gia boksi, sehemu ya chini inayobeba panga boi. Humo mna oili ya gia, na inayoizuia isitoke ni sili ya mpira inayoikumbatia shafti, yaani chuma kinachozungusha panga boi. Adui mkubwa wa sili hiyo ni mshipi wa nailoni wa kuvulia na vipande vya nyavu, ambavyo hujisokota nyuma ya panga boi, vikajipenyeza hadi kwenye mdomo wa sili na kuukata. Oili ikipata njia ya kutoka, maji nayo hupata njia ya kuingia, na oili iliyoingiwa na maji hugeuka nyeupe kama maziwa, ikashindwa kulainisha, beringi zikashika kutu na meno ya gia yakalika. Anayeongeza oili juu ya maji hayo hajatengeneza kitu.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji fundi. Mashine ikisimamishwa wima usiku kucha, maji, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, hutuama chini; asubuhi skrubu ya chini ya gia boksi ikilegezwa kidogo na maji yakatangulia, basi yanaingia mahali. Wosha za skrubu ziangaliwe kwanza, maana bei yake ni ndogo na wengi hurudishia zilezile kuukuu. Wosha zikiwa nzima, panga boi livuliwe, mshipi uondolewe, sili ibadilishwe, kisha fundi aingize hewa ya nguvu ndogo katika gia boksi iliyozamishwa kwenye pipa la maji na kutazama kama kuna mapovu. Shafti ikiwa imechimbika pale sili inapokaa, sili mpya haitadumu, na fundi anayelificha hilo anamwibia mteja. Oili hujazwa kutoka tundu la chini mpaka itokeze kwenye tundu la juu, ili hewa isibaki ndani, na skrubu ya juu ndiyo hufungwa kwanza. Sabuni ya mche na gundi za kupaka kwa nje, ambazo baadhi ya mafundi wenzangu huziamini mno, haziwezi kuziba mahali ambapo shafti inazunguka.

Oili chafu inayotolewa nayo isimwagwe mwaloni, pale boti zinapoegeshwa. Maji ya Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa hilo kabla ya kushuka kwa Mto Pangani, na mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe huchota humo maji ya kunywa. Nawaomba viongozi wa mialo waweke pipa lenye mfuniko kwa ajili ya oili hiyo, na wauza vipuri wa Moshi waweke akiba ya sili na wosha za mashine za boti, kwa sababu mvuvi anayeambiwa asubiri sili iagizwe Dar es Salaam, huku nyumbani wakingoja chakula, ndiye huyo anayeishia kununua kopo jingine la oili.

Wako,
Fundi wa injini,
Majengo, Moshi.