Kuona Taa Hakutoshi

Mwanga, Kigoma

Ndugu yangu Baba Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, Mama Shukuru anamsalimu sana shemeji yake, na migebuka mikavu aliyoahidi itakufikia kwa treni.

Naandika kwa sababu ya maneno yako ya juzi kwenye simu, ambayo hayajanitoka kichwani. Ulisema kwamba ukishuka na ndege kwa kufuata vyombo hadi kimo cha chini kabisa kinachoruhusiwa na chati, kisha ukaziona taa zilizo mbele ya barabara ya kutua, shauri limekwisha na unaweza kuendelea kushuka, tena hata mzee wetu wa Gungu hufanya hivyo. Mzee namheshimu, lakini katika hili sikubaliani naye, na siwezi kunyamaza wakati unaanza safari za huku katika miezi hii ya moshi.

Kanuni ya Marekani uliyoisomea, ile ya 91.175, ina masharti matatu yanayokwenda pamoja: ndege iwe mahali inapoweza kutua kwa mwendo wa kawaida, umbali unaouona mbele yako usipungue ule ulioandikwa kwenye chati, na alama mojawapo ya barabara ionekane waziwazi. Taa hutimiza sharti la tatu tu. Isitoshe, umbali huo hupimwa mchana kwa vitu vikubwa visivyo na taa unavyoviona na kuvitambua, na usiku kwa vitu vyenye taa. Mwanga mkali hupenya moshi mahali ambapo paa la nyumba halionekani. Kwa hiyo taa uliyoiona mchana haikuambii unaona mbali kiasi gani.

Uliniuliza utapimaje, maana ndani ya ndege hakuna chombo cha kupima jambo hilo. Hesabu ifanye mezani, kabla hujaondoka. Kwenye mteremko wa nyuzi 3, ukiwa futi 200 juu ya eneo la kugusia, uko mita 1,160 hivi kutoka mahali unapolenga kugusa, na kwa kuwa mahali hapo kwa kawaida ni kama mita 300 ndani ya barabara, kizingiti, yaani mwanzo wa barabara, kiko mita 860 mbele yako. Uwanja wenye safu kamili ya taa za kuongozea huianza mita 900 kabla ya kizingiti, yaani wakati huo uko karibu juu ya mwanzo wake. Ukiona nusu ya safu tu, unaona mita 450. Kama chati inadai mita 800, taa unazo na ruhusa huna. Ukikiona kizingiti chenyewe na michoro yake, umbali unao. Kama kimo chako cha chini ni futi 500, kizingiti kiko mita 2,600 hivi, na hapo ndipo moshi unapokudanganya zaidi. Kwa mwendo wa noti 120 (maili 120 za baharini kwa saa) zile mita 860 huisha kwa sekunde 14, na hakuna mtu wa kuanza kuzidisha na kugawanya ndani ya sekunde hizo.

Utaniambia kwamba mnara wa kuongozea ndege umekutangazia umbali wa kuona wa mita 5,000. Nakubali kwamba taarifa hiyo ina kazi yake, hata taratibu za kimataifa zinakataza kuendelea kushuka chini ya futi 1,000 juu ya uwanja ikiwa umbali uliotangazwa haufikii kiwango. Lakini mpimaji amesimama ardhini na anatazama sambamba na ardhi, ilhali wewe unatazama kwa mshazari ukipenya tabaka lote. Asubuhi, moshi wa mapori ya miombo ukiwa umelala chini, utaiona barabara vizuri ukiwa juu yake, kisha uingie ndani ya tabaka na jua likiwa usoni, isionekane tena. Utusitusi huo pia huifanya barabara ionekane iko mbali kuliko ilivyo, na rubani hujikuta amepita chini mno bila kujua. Ikipotea, hata kama ulikuwa umekwisha kuiona, ongeza nguvu upae. Nakuomba hili kwa moyo wangu wote.

Sasa nijibu. Mkifika kimo cha chini, ni nani anayetazama nje na ni nani anayebaki na vyombo? Umekwisha kuandika umbali wa vizingiti pembeni mwa chati zako za Tabora na Kigoma? Wakubwa wako wanakupokeaje unaporudi na abiria bila kutua? Na utakapolala huku, utakubali twende wote Gungu tukazungumze na mzee, au niende kwanza peke yangu?

Nduguyo,
Baba Shukuru